Bendera Ikishuka Kamina

Ukiitafuta Kamina kwenye ramani, usihangaike na barabara, fuata reli. Njia itokayo Lubumbashi kuelekea Kasai hufika hapo ikagawanyika. Mkono mmoja unaendelea Mwene-Ditu, Kananga na Ilebo. Mwingine unakata kaskazini-mashariki kwenda Kabalo hadi Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Kigoma yetu. Mji wenyewe ni mtoto wa makutano hayo, na tangu Katanga ilipokatwa mapande manne mwaka 2015 umekuwa makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami. Kilomita zipatazo thelathini mashariki yake ipo Base ya Kamina, kambi ambayo Wakongomani wengi wameisikia redioni na wachache wameikanyaga.

Mimi natoka Dar es Salaam, mji ambao ukuta ulioandikwa "Marufuku kukojoa hapa" ndio unaonuka kuliko kuta zote. Tumezoea kubishana juu yake. Wako wanaosema dawa ni faini na mgambo, wako wanaosema dawa ni malezi, na kila upande una mifano yake. Nilitaka kuyatoa mabishano hayo sebuleni na kuyapeleka mahali ambapo serikali iko mbali sana na papo hapo amri zimejaa tele. Kambi ya jeshi katikati ya pori la miombo ilionekana kufaa. Basi nikapanda treni Lubumbashi.

Likasi

Juu ya mlango wa behewa letu palikuwa na maandishi ya Kifaransa yaliyofifia, yakikataza kutema mate na kuchungulia nje. Sikuona mtu akiyatazama. Sheria iliyofanya kazi ilitoka kwa mama mmoja mchuuzi wa vitenge, mwenye sauti ya kuita watu sokoni, ambaye kabla hatujafika Likasi alikuwa ameshaligawa behewa zima. Wenye watoto wachanga wakae kwenye madirisha yanayofunguka. Kuku wote nyuma. Magunia yasizibe njia ya kwenda chooni. Na mbabula, jiko la makaa ambalo huko halikosekani safarini, lisiwashwe humu ndani hata kwa kuchemsha maziwa ya mtoto.

Kijana mmoja alijaribu. Alikuwa na unga wake na sufuria yake, njaa ilikuwa yake pia, na alisema tiketi amelipa kama wengine.

"Moto haina macho ya kusoma tiketi yako," mama alimjibu, na behewa likacheka hadi kijana akacheka mwenyewe. Treni iliposimama, na husimama sana, alishuka akapika kando ya reli. Hakuwa peke yake. Majiko yalikuwa yamepangwa huko chini kama mtaa wa mama lishe.

Nilimchunguza yule mama kwa muda mrefu, nikitafuta kinachompa nguvu. Hakuwa na cheo wala kirungu. Ila kuku wa kwanza kupelekwa nyuma walikuwa wake, na magunia yake ndiyo yaliyokuwa yamebanwa kuliko yote. Mtu akitaka kumbishia alikosa pa kuanzia.

Kituo cha Likasi ukikitazama juu juu ni kituo tu: karanga za kuchemsha, ndizi, vijana wanaouza kadi za simu, milima ya machimbo nyuma. Lakini mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa Katanga walipiga kambi hapa na Kolwezi kwa maelfu, wakisubiri treni za kuwarudisha katika nchi ambayo wengi wao walikuwa hawajawahi kuiona. Siasa za gavana wa wakati huo, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, ziliwafanya wageni walikozaliwa. Walilala kwenye jukwaa na pembezoni mwa reli kwa wiki na miezi, na wengi walikufa wakisubiri. Abiria mmoja, mwanamke aliyekuwa mtoto siku hizo, alinionyesha kwa kidole palipokuwa na turubai lao. Alisema mawe ya reli ndiyo yaliyokuwa kuta za nyumba: kila familia ilipanga mstari wake, na hata watoto walijua kwamba jiwe la jirani haliguswi. Hakuna aliyewaamuru. Kisha akaongeza, bila kubadili sauti, kwamba nidhamu yote ile haikuwapa maji wala dawa.

Nimelibeba neno lake safari nzima, kwa sababu Kongo ina mzaha mmoja maarufu unaokwenda kinyume chake. Ni ule wa kifungu cha 15. Watu husema kilitokea Kasai Kusini, dola iliyojitenga mwaka 1960 chini ya Albert Kalonji, na kwamba wananchi walipolalamika waliambiwa wakakisome: jitafutieni wenyewe. Maneno hayo hayamo katika katiba inayotumika leo, lakini kila mtu anakijua kifungu hicho. Wageni hukisimulia kama sifa, ushahidi wa ujanja wa Mkongomani. Mimi nakiona pia kama udhuru wa mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa ghala akaenda zake.

Bukama

Baada ya Tenke, ambako reli ya Kolwezi na Lobito inachepuka, tambarare za juu zinaanza kuvunjika na treni inateremka taratibu. Unapita Lubudi, unapita Luena ya makaa ya mawe, na kila kituo hewa inakuwa nzito zaidi, hadi sweta za Lubumbashi zinarudi kwenye mifuko. Chini kabisa upo Mto Lualaba, mpana na wa rangi ya chai ya maziwa, na Bukama imeketi ukingoni.

Reli ilifika hapa mwaka 1918. Kwa miaka kadhaa hapa ndipo ilipoishia, mizigo ikiteremshwa majini kuelekea Kongolo. Kipande cha kutoka Bukama hadi Ilebo, kazi ya kampuni ya BCK, kilikamilika mwaka 1928. Leo Bukama ni samaki. Samaki wa kukaushwa kwa moshi, wamekunjwa mkia mdomoni, wamepangwa kwenye matenga yanayopandishwa kwa kugombana. Behewa letu lilinuka samaki kuanzia hapo hadi mwisho, na mama wa vitenge, ambaye angeweza kupiga marufuku, alinunua matenga mawili.

Kaskazini ya mji, maji yanatawanyika kuwa maziwa na mabwawa ya bonde la Upemba. Kwenye Ziwa Kisale, mahali paitwapo Sanga, wachimbuaji walianza mwaka 1957 kufukua makaburi ya watu walioishi hapo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakakuta vyungu vizuri sana, vito, na misalaba midogo ya shaba iliyokuja kutumika kama fedha. Sikushuka kwenda huko. Ila nilipoona mitumbwi ikipishana kwenye mkondo mwembamba, mmoja ukingoja bila kelele mwingine upite, nilifikiri kwamba watu hawa wamekuwa wakipishana hapa muda mrefu sana.

Kamina mjini

Kutoka Bukama treni inapanda tena hadi zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za kiangazi Kamina ni baridi, vumbi lake jekundu linakaa kwenye ukungu, na njia pana zilizochorwa wakati wa ukoloni zimefunikwa na miembe. Magari ni machache. Mji unatembea kwa baiskeli, ambazo wenyewe huziita kinga: kinga za kubeba abiria, kinga zenye magunia ya makaa yanayomzidi msukumaji kimo, kinga ya fundi cherehani na cherehani yake. Njia panda hazina taa. Mwenye mzigo mzito hupita kwanza, kwa sababu akisimama hawezi kuondoka tena bila kusukumwa, na kila mtu anajua hivyo.

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kuvaa koti hata akienda kununua chumvi. Nilimsalimu kwa Kiswahili cha pwani, yeye akamjibu mzee mwenzake aliyekuwa akipita: "Eyo vidye," huku ameinama kidogo na kugusisha viganja. Huko salamu ya mkubwa haiendi bila mwili kuinama.

Alinitembeza hadi kwenye mtaa wa misheni kunionyesha jambo ambalo Kamina inajivunia kuliko reli. Mwaka 1953 alifika hapa Mfransisko wa Kibelgiji, Guido Haazen, kuongoza shule. Akakusanya wavulana na walimu, wakaunda kwaya iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, na mwaka 1958 wakaenda Ulaya kuimba, Brussels wakati wa maonyesho makubwa ya dunia ikiwemo. Misa yao ya Kilatini kwa sauti na ngoma za Kongo, Missa Luba, imezunguka dunia kwenye santuri. Mwalimu alipenda kunikumbusha kwamba sehemu kubwa yake haikuandikwa kwa nota. Waimbaji walijua pa kuingia na pa kumwachia mwenzao. Nilimuuliza kama palikuwa na mwalimu wa kuwapigia mstari. Akasema alikuwepo, bila shaka, na ndiyo maana waliweza kwenda wanakotaka.

Jioni tulikula bukari, ndio ugali wa Katanga, kwa sombe, yaani kisamvu, na yule samaki wa Bukama, na munkoyo ya baridi, kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi kinachochachuka kidogo ukikiacha. Ndipo mwalimu akasimulia chanzo cha ufalme wa Waluba. Ni kisa cha mtu asiye na adabu mezani.

Nkongolo Mwamba alikuwa mtawala wa kwanza, mwekundu, mwenye nguvu na mkatili. Alikula mbele za watu, alilewa mbele za watu, alicheka mdomo wazi. Akatokea mwindaji mgeni kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mtu wa ukoo wa kifalme. Alipoandaliwa chakula hakula, hadi alipojengewa kizuizi cha kumficha. Mtoto wa mgeni huyo na dada wa Nkongolo, Kalala Ilunga, alikua na adabu za baba yake. Nkongolo akaona hatari. Akachimbisha shimo, akatega mikuki ndani, akalifunika kwa mkeka na kumwalika mpwa wake acheze ngoma juu yake. Mpiga ngoma akamwonya kwa mdundo. Kalala Ilunga akauchoma mkeka kwa mkuki, akaliona shimo, akaruka na kukimbia. Baadaye alirudi na jeshi la baba yake, Nkongolo akashindwa na kuuawa.

Sisi tulikuwa tunakula mikono yote bakuli moja, midomo wazi kwa kucheka, na mwalimu alilitambua hilo kabla yangu.

Kinachonivutia ni kilichofuata. Ufalme uliojengwa na ukoo wa mtu mwenye adabu haukuridhika na adabu. Waluba walikuwa na Mbudye, chama cha watunza kumbukumbu, ambao kazi yao mojawapo ilikuwa kumkumbusha mfalme mwenyewe, Mulopwe, mipaka ya mamlaka yake. Kumbukumbu hizo waliziweka kwenye lukasa, ubao mdogo wa kushika mkononi, uliochongwa na kupachikwa shanga, ukisomwa kwa vidole. Kwa hiyo walimtaka mfalme anayejizuia, na bado wakaweka watu wa kumzuia. Siku hizi tunaambiwa tuchague kimoja.

Usiku huo, tukirudi kutoka kituoni, treni ya mizigo ilipita polepole. Juu ya mabehewa walikaa watu, na mafurushi yao, na watoto waliofungwa kwa vitenge kwenye vifua vya mama zao.

"Hii treni haiko ya batu," mwalimu alisema. "Bote banajua."

Aprili 2014 treni ya mizigo iliyobeba watu ilipinduka si mbali na Kamina, na zaidi ya watu 40 wakafa. Marufuku ya kupanda ilikuwepo kabla, ipo na sasa. Ukisema hawa wamekosa kujali maisha yao, umesema kweli nusu; mwanamke mmoja niliyemwona juu ya behewa usiku ule alikuwa amemfunga mtoto mafundo matatu. Hakuwa mzembe. Alikuwa na mgonjwa, au mahindi, au msiba upande wa pili wa reli, na behewa la abiria halikuwepo. Sheria inayokataza bila kutoa njia nyingine huwafanya watu wazima waonekane watundu.

Njia ya base

Barabara ya kwenda base inapita kwenye miombo na vichuguu virefu kuliko nyumba. Ulikuwa wakati wa kuchoma nyasi. Upande mmoja ardhi nyeusi, upande mwingine nyasi za dhahabu, na katikati moshi ukivuka barabara. Wasukuma kinga za makaa walikuja kwa safu, wameinama mbele, hawana nguvu ya kusalimu ila kwa nyusi.

Mahali fulani vijana walikuwa wamefunga kamba kukatiza njia. Walikuwa na majembe na walituonyesha shimo walilolifukia. Hakuna ofisi iliyowatuma. Barabara ni ya wote, walisema, na wao wameitengeneza, basi mpita njia achangie. Nilitoa franka mia chache na roho nyeupe, nikiwaza kwamba hili ndilo jibu la maswali yangu. Dereva wa pikipiki iliyonibeba alisubiri tusogee.

"Usiku banalifukua tena," aliniambia.

Sijui kama alisema kweli au alikuwa na ugomvi nao. Shimo lenyewe lilifukiwa vizuri.

Base

Unatarajia ngome, unakuta mtaa. Wabelgiji walianza kuijenga mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati Ulaya ilipohofia vita na Wasovieti, na Ubelgiji ikataka mahali pa kurudia nyuma mbali na mizinga. Waliweka njia ya kurukia ndege yenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili, karakana, nyumba za matofali kwa safu, shule ya marubani walioruka na ndege za Harvard juu ya miombo hii hii. Kila kitu kilipangwa kwa cheo na kwa rangi ya ngozi, nani alale wapi, nani apite wapi saa ngapi. Ramani ile bado inasomeka ardhini. Wanaoishi ndani yake wamebadilika mara nyingi.

Julai 1960 Wabelgiji walitumia base hii kupeleka wanajeshi wao sehemu nyingine za nchi iliyokuwa imepata uhuru wiki chache tu. Kabla mwaka haujaisha ikawa mikononi mwa Umoja wa Mataifa. Novemba 1964 makomando wa Kibelgiji waliokuwa wakienda Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, walitua hapa kwanza. Mei 1978 wakatua tena, safari hiyo wakielekea Kolwezi. Na baada ya vita vya 1998 hadi 2003, Kamina ikawa mojawapo ya vituo vya kile kilichoitwa brassage, kuchanganya majeshi: askari wa serikali, wa makundi ya waasi na wanamgambo wa Mai-Mai walivuliwa majina ya makundi yao, wakapangwa upya katika brigedi moja. Walikuja na wake, watoto, sufuria. Watu waliopigana jana walitakiwa kugawana bweni, choo na bomba la maji. Nimesoma mengi juu ya mikataba ya amani iliyotiwa saini kwenye mahoteli ya Sun City, Afrika Kusini. Ningependa siku moja kusoma juu ya foleni za vyoo vya Kamina, maana huko ndiko mkataba ulikotekelezwa au kushindwa.

Langoni askari kijana aliangalia karatasi zangu kwa makini, kisha simu yangu.

"Macho, ndiyo. Telefone, hapana."

Nikaizima. Nakiri iliniongezea macho. Ningepiga picha ya njia ya kurukia nikaondoka. Badala yake nilikaa kwenye kivuli nikaitazama. Ndege ni chache sana. Pembeni yake watu wamejifanyia vijia vyao, wanafunzi wenye mashati meupe, mama na mihogo kichwani, mzee mmoja akisukuma kinga yenye gurudumu bovu. Hawakukanyaga lami yenyewe. Hapakuwa na uzio wala mlinzi upande ule, na lami ingewapunguzia mwendo kwa kuwa ni laini kuliko kijia. Nilimuuliza mwanafunzi mmoja kwa nini hawapiti katikati. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini halali mezani. Ndege ikija je?

Jioni nilikuwa kwenye bomba. Bomba hilo hutumiwa na familia za askari, na wajane wa askari, na wanakijiji waliosogea karibu kwa miaka mingi, na foleni yake haina watu, ina bidoni, ndiyo madumu ya kwetu. Bidoni za njano zinasimama kwa mstari tangu mchana huku wenyewe wako mashambani au wanatwanga. Kila moja ina alama, kitambaa, kamba, rangi ya kucha. Mama mtunza ufunguo, mjane, huzisogeza moja moja na kukusanya franka za kutengenezea bomba. Niliona kijana wa magwanda akija na bidoni yake na kuiweka mbele. Mama hakusema kitu. Aliiinua, akaipeleka mwisho wa mstari, akarudi. Kijana alisimama kidogo, akatazama kulia na kushoto, akaenda kukaa nayo.

Saa kumi na mbili tarumbeta ikalia.

Wasiowahi kufika Kongo wanapaswa kuelezwa. Bendera inapopandishwa asubuhi na kushushwa jioni mbele ya kambi au ofisi ya serikali, kila aliye karibu husimama palepale. Pikipiki inazimwa, mwenye mzigo anabaki nao kichwani. Nilishaiona Lubumbashi, ambako teksi husimama katikati ya barabara kama zimeishiwa mafuta zote pamoja. Kwenye base ilikuwa tofauti kwa ukubwa wake. Mchi ulibaki hewani. Gari la ofisa mmoja lilisimama, mlango ukafunguka, yeye akashuka na kukakamaa. Mbali, kwenye kijia cha pembeni ya njia ya kurukia, ambako hakuna askari ambaye angeweza kuwatofautisha watu na vichuguu, kinga tatu zilisimama.

Na bomba lilikuwa wazi. Bidoni iliyokuwa chini yake ilijaa, ikafurika, maji yakaanza kutiririka kwenye vumbi. Mtunza ufunguo alikuwa hatua moja tu kutoka kwenye koki. Hakusogea. Sote tuliyatazama maji yakienda, hadi tarumbeta ilipomaliza na mkono wake ukaruka.

Ugomvi ulianza hapohapo. Mwenye bidoni iliyofuata alisema maji yaliyomwagika yametoka kwenye zamu yake. Kijana wa magwanda, labda akitafuta kujirudishia heshima, alimwambia mama angefunga tu, ni hatua moja, nani angemsema?

"Jana mulimugombeza mutoto mwenye alitembea," mama alijibu. "Leo munataka miye nitembee?"

Hakukuwa na jibu. Mzee mmoja, sajini wa zamani, alijaribu kusema kwamba bendera ni bendera na maji ni maji. Mwanamke mwingine akauliza kama bendera inakunywa. Walizungumza kwa Kiswahili, Kilingala na Kiluba, kila mmoja akichagua lugha aliyoimudu kwa hasira, na mwisho wakakubaliana jambo dogo ambalo lilinifurahisha kuliko hotuba: kuanzia kesho koki ifungwe robo saa kabla ya tarumbeta, na ifunguliwe baada yake. Jioni iliyofuata nilirudi kutazama. Ilifungwa. Yule kijana wa magwanda ndiye aliyekuwa na saa, na ndiye aliyetoa ishara.

Kamina tena, Jumamosi

Salongo ilianzishwa na Mobutu miaka ya 1970, kazi ya mikono ya lazima kwa ajili ya taifa, na wazee wa Kamina hawakuhitaji kueleweshwa; Wabelgiji walikuwa na yao, kilimo cha lazima kilichowekwa kwa amri ya mwaka 1917 na kufikia siku 120 kwa mwaka. Mobutu alikwenda, neno likabaki. Rwanda wana umuganda wao kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Sisi Tanzania tuliwekewa usafi wa mwisho wa mwezi baada ya sherehe za Uhuru za 2015 kugeuzwa siku ya kufagia. Tulivyoipokea kwa shangwe na tulivyoiacha kimyakimya, msomaji anajua.

Asubuhi hiyo maduka yalitakiwa kufungwa hadi kazi iishe. Mkuu wa mtaa alipita na daftari. Mbele ya duka moja la unga na sabuni alimkuta mwenye duka, mama wa makamo, amefungua mlango nusu na anampimia mtoto mafuta ya kula.

"Mama, salongo."

"Tata, nilifanya yangu jana magharibi. Angalia."

Kweli mtaro wake ulikuwa safi. Hata kingo alikuwa amezichonga kwa jembe. Alisema ana watoto wa kulisha, kazi ya mtaro ni kusafisha mtaro, si kufunga duka, na aliyesafisha kabla ya kuambiwa asiadhibiwe pamoja na aliyelala. Watu wakaanza kukusanyika na makoleo yao. Nilikuwa upande wake kabisa.

Mkuu wa mtaa hakupandisha sauti. Alimwonyesha juu, kwenye mteremko, ambako majirani watatu walikuwa hawajagusa kitu, mifuko ya plastiki na majani ya miembe yamerundikana. Mvua ya kwanza ya Oktoba itayateremsha yote, alisema, na yatapita wapi? Kwenye mtaro wako msafi. Ndiyo maana tunafunga wote, ili tufike wote juu.

Nikahamia upande wake yeye.

Mama alifikiri. Akafunga chupa ya mafuta, akafuta mikono, akaangalia juu zaidi ya majirani watatu, juu kabisa mwanzoni mwa mteremko, penye ofisi ya mtaa.

"Na ile taka ya kwa biro yako, tata, inashukaka wapi?"

Watu waliangua kicheko. Mkuu wa mtaa alilitazama daftari lake kana kwamba jibu limo, halafu akampa mwanafunzi mmoja amshikie, akaazima koleo la mtu aliyekuwa karibu na kuanza kupanda mlima. Mama akafunga duka, akamfuata.